Plymouth Road Runner na GTX, 1968 hadi 1970: namna ya kuyalinganisha, kuyakagua na kuchagua moja

Ukiegesha Road Runner na GTX za mwaka 1969 ubavu kwa ubavu, mtu asiyeyajua atadhani ni gari moja lililopakwa rangi mbili. Hajakosea sana. Bodi ni ile ile, vioo ni vile vile, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 116 kwa yote mawili, yaani sentimita 295 hivi. Kinachoyatenganisha ni injini, gia, difu, siti na mapambo. Na kwa kuwa karibu kila kipande cha moja kinaingia kwenye jingine bila kulazimishwa, fundi mwenye spana na subira anaweza kulivisha Satellite la kawaida (gari jingine la Plymouth lenye bodi hiyo hiyo) nguo za Road Runner, au kuliandika Road Runner jina la GTX. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na namba, unapita kwenye bati la bodi, halafu ndipo unafungua boneti. Wengi huanza na boneti, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotea.

Maelezo haya yanamfaa zaidi msomaji aliye Marekani, Kanada au Ghuba, anayeweza kulifikia gari na kulilalia chini. Aliye Kenya ajue mapema kwamba utaratibu wa kawaida wa kuingiza magari unazuia yaliyozidi miaka 8 na yenye usukani wa kushoto, na haya yana sifa zote mbili.

Tofauti zilizotoka kiwandani

GTX lilitangulia. Lilitoka mwaka 1967 kama toleo la juu la Belvedere, likiwa na injini ya 440 Super Commando: inchi za ujazo 440 (lita 7.2), nguvu za farasi 375 kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, na msokoto wa futi-pauni 480, sawa na Nm 650. Aliyetaka zaidi alikuwa na chaguo moja tu, injini iitwayo Hemi, ya inchi 426 na farasi 425. Ndani lilikuwa na siti mbili za mbele zilizoachana, kapeti na mapambo ya kutosha. Mwaka 1968 bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 3,355.

Road Runner lilikuja mwaka huo wa 1968 kwa wazo la kinyume: ondoa urembo, acha nguvu, shusha bei. Coupe yenye nguzo katikati ya vioo vya pembeni iliuzwa kuanzia dola 2,896. Siti ya mbele ilikuwa benchi, sakafu ya gari la bei ya chini ilitandikwa mpira badala ya kapeti, na gia nne za mkono zilikuja bila kuongeza senti. Plymouth iliilipa Warner Bros. dola 50,000 ili itumie jina na picha ya yule ndege wa katuni, ikatengenezewa na honi inayolia kama yeye. Wanunuzi wakaelewa mara moja: mwaka wa kwanza yaliuzwa karibu magari 45,000 ya Road Runner, dhidi ya karibu 19,000 ya GTX.

Injini ya kawaida ya Road Runner ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko kitu kingine chochote. Ni 383, lita 6.3, lakini si ile 383 iliyowekwa kwenye magari ya kubeba familia. Kiwanda kilichukua vichwa vya silinda, kemshafti na manifodi za eksozi za 440 kikavifunga kwenye bloku ya 383. Matokeo yake ni farasi 335 kwenye mizunguko 5,200 na futi-pauni 425 (Nm 576). Kipenyo cha silinda kinakaribiana, inchi 4.25 kwa 383 na 4.32 kwa 440. Tofauti kubwa iko kwenye safari ya pistoni: inchi 3.375 dhidi ya 3.75. Kwa hiyo 440 inavuta tangu chini, ukigusa tu mafuta gari linaondoka, wakati 383 inapenda kuzungushwa na ina wepesi wake ikishachangamka. Anayeendesha mjini kwa gia za kujibadilisha atalipenda GTX. Anayependa kubadili gia kwa mkono wake atakuta 383 inamlipa vizuri kuliko karatasi inavyosema.

Mabadiliko matatu ya kukumbuka kwa miaka iliyofuata. Katikati ya 1969 Road Runner lilipewa 440 yenye kabureta tatu za Holley, farasi 390, kwa nyongeza ya dola 463 hivi. Mpango huo unajulikana kwa namba A12. Mwaka 1970 GTX lilipoteza toleo la paa la kukunja, na gia ya kawaida ya Road Runner ikashuka kuwa tatu za mkono, nne zikawa za kulipia. Mwaka 1971 ndio wa mwisho kwa GTX kusimama kama gari lenye jina lake. Baada ya hapo jina hilo likabaki kwenye Road Runner zenye 440.

Vifaa vya kubeba

Tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo chenye mpini, kipima unene wa rangi (au sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa), kipima mgandamizo wa silinda, kipimo cha volti, bisibisi nyembamba, jeki ya sakafu na stendi nne, kitambaa cheupe, na karatasi. Panga saa tatu. Muuzaji anayekupa nusu saa tu anakuambia jambo.

Hatua ya kwanza: isome namba ya gari

Kuanzia 1968 namba ya gari iko juu ya dashibodi upande wa dereva, inaonekana kupitia kioo cha mbele. Ina herufi na tarakimu 13. Chukua mfano unaoanza RM23H9A.

R ni familia ya Belvedere na Satellite. Herufi ya pili ndiyo mtego wa kwanza: M ni Road Runner, S ni GTX. Ukikuta L, H au P mahali pale, unatazama Belvedere, Satellite au Sport Satellite iliyovishwa nguo za mwenzake, hata kama boneti, honi na alama zote ni halisi. Tarakimu mbili zinazofuata ni umbo: 21 ni coupe yenye nguzo, 23 ni isiyo na nguzo, 27 ni paa la kukunja. GTX halikuwahi kutengenezwa kwa umbo la 21, kwa hiyo RS21 haipo.

Herufi ya tano ni injini, na hapa inabidi uujue mwaka. Kwa 1968 na 1969, H ni 383 ya kabureta ya midomo minne, L ni 440 ya farasi 375, J ni Hemi, na M (1969 pekee) ni 440 ya kabureta tatu. Kwa 1970 herufi zilibadilishwa: N ni 383, U ni 440 ya kabureta moja, V ni ya kabureta tatu, R ni Hemi. Watu wengi hujikwaa hapa, maana L ya 1969 ni 440 na L ya 1970 ni 383 ya kawaida yenye midomo miwili.

Kutokana na hayo unapata majaribio ya haraka. Road Runner la 1968 au 1969 lenye L halipo, kwa sababu 440 ya kabureta moja haikuuzwa ndani yake miaka hiyo. Muuzaji akikuambia "440 ya asili" kwenye gari lenye RM23H9, injini imebadilishwa. Si dhambi, ila bei ni nyingine. Mwaka 1970, RM23U ni Superbird, lile lenye pua ndefu na bawa, si Road Runner la kawaida. GTX la kweli haliwezi kuwa na H miaka ya 1968 na 1969, wala N mwaka 1970.

Tarakimu ya sita ni mwaka (8, 9 au 0), ya saba ni kiwanda: A ni Lynch Road, E ni Los Angeles, G ni St. Louis. Zinazobaki sita ni namba ya mfuatano. Magari yote ya A12 yalitoka Lynch Road, kwa hiyo gari la kabureta tatu la 1969 lisiloanza RM21M9A au RM23M9A halihitaji mjadala mrefu.

Sasa angalia kibati chenyewe kilivyoshikiliwa. Ribiti za kiwanda zina umbo la ua dogo lenye petali. Ribiti za duara za dukani, skrubu, gundi inayochungulia pembeni, au rangi iliyomwagikia kibati, zote ni sababu za kusimama na kuuliza. Kuna nchi na majimbo ambako gari lenye kibati kilichohamishwa linaweza kushikiliwa na polisi, na hasara inabaki kwa aliyelinunua.

Kibati kimoja hakitoshi. Kiwanda kilipiga namba ya mwaka, kiwanda na mfuatano kwenye bati la juu linaloshika radiata, na kwenye ukingo wa buti chini ya mpira wa kuzuia maji. Ng'oa mpira taratibu, futa vumbi, weka tochi ikiwa imelala ili mwanga upite pembeni ya maandishi. Namba iliyopigwa kwa mkono inajionyesha: mistari haiko sawa, kina kinatofautiana, na bati limesagwa kabla ya kupigwa. Sehemu tatu zikikubaliana, endelea. Moja ikiwa haipo kwa sababu bati limebadilishwa baada ya ajali, omba picha za kazi hiyo.

Kwenye injini, namba ya mfuatano iko kwenye ukingo wa bloku juu ya sampu, na kwenye gia boksi pia. Namba ya kutupwa kwenye bloku husaidia kutambua ukubwa: 2468130 ni 383, 2536430 ni 440. Karibu na distributa, mbele ya injini, kuna sehemu bapa yenye ukubwa wa injini, tarehe ya kuunganishwa, na herufi HP kwa injini za nguvu. Tarehe ya injini lazima itangulie tarehe ya gari, kwa kawaida kwa wiki chache. Injini iliyozaliwa baada ya gari ni ya kubadilisha, hata ikiwa imepakwa rangi nzuri kiasi gani.

Kuna pia kibati cha fenda ya kushoto ndani ya boneti. Kwa 1969 na 1970 tafuta E63 kwa 383, E86 kwa 440, E87 kwa kabureta tatu, E74 kwa Hemi. D21 ni gia nne za mkono, D32 ni TorqueFlite, yaani gia za kujibadilisha. N96 ni Air Grabber, boneti inayoiingizia injini hewa ya nje. Cha 1968 kina mpangilio tofauti. Vibati hivi vinatengenezwa upya na kuuzwa wazi, kwa hiyo kitumie kama shahidi, si kama hakimu. Karatasi ya kiwanda ya kuunganishia gari, ikibahatika kuwapo, hukutwa chini ya springi za siti ya nyuma au juu ya kijisanduku cha dashibodi. Hiyo ina uzito mkubwa kuliko kibati.

Hatua ya pili: bati na kutu

Magari haya hayana chesisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na reli za mbele na nyuma zimechomelewa humo humo. Kutu kwenye sakafu si suala la urembo. Ni mfupa unaooza. Injini ya 440 inaweza kujengwa upya popote penye mashine ya kutoboa silinda. Reli iliyooza inadai meza ya kunyooshea bodi na fundi mmoja katika ishirini.

Anza chini, gari likiwa kwenye stendi. Sehemu ya kwanza ni mhimili wa kukatisha unaoshika ncha za nyuma za tosheni baa (vyuma virefu vinavyojisokota, vinavyofanya kazi ya springi za mbele), chini ya miguu ya dereva. Bisibisi ikizama hapo, gari linakuwa hatari: baa hizo zinabeba uzito wote wa mbele, na mhimili ukipasuka upande mmoja huanguka ghafla. Ya pili ni mahali springi za nyuma zinapoanzia, mbele ya gurudumu. Ya tatu ni reli za nyuma juu ya ekseli, zinapojikunja. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza.

Panda kwenye buti. Toa gurudumu la akiba na zulia. Sakafu ya buti na mifuko yake ya pembeni, inayoshukia nyuma ya magurudumu, huoza kwa maji yanayoingia kupitia kioo cha nyuma. Gari lenye paa la vinaili linahitaji shaka zaidi: maji hukaa chini ya vinaili kuzunguka kioo, na unaweza kukuta paa linang'aa juu huku ukingo wa kioo umebaki kama biskuti. Bonyeza kwa kidole kuzunguka kioo chote. Mahali panapotoa mlio wa kusagika, bati limekwisha.

Pima rangi. Ya kiwanda huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Gari lililopakwa mara mbili linaweza kufika 300 bila kosa. Ukisoma 800 na zaidi nyuma ya gurudumu la nyuma, hiyo ni puti. Pima sehemu za chini za kota za nyuma, chini ya milango, na nyuma ya magurudumu ya mbele. Andika kila kipimo. Utakihitaji wakati wa bei.

Jambo moja la kutazama kwa utulivu ni sakafu pale kijiti cha gia kinapotokea. Magari ya gia nne za mkono yana tuta la bati lililochomelewa juu ya sakafu na kiwanda, na alama za kuchomelea ni vidoa vya duara vilivyopangika. Gari lililozaliwa na TorqueFlite likageuzwa kuwa la mkono litaonyesha bati lililokatwa, ukingo wa kuchomelea kwa gesi, au puti chini ya kapeti. Inua kapeti. Muuzaji anayekataa uinue kapeti ana sababu yake.

Mapambo ya ndani usiyape muda mrefu: karibu yote yanapatikana mapya. Pima tu kama siti, kapeti na milango vinalingana na aina ya gari iliyosomeka kwenye namba.

Hatua ya tatu: injini

Iguse manifodi kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha ili kuficha tabia yake ya asubuhi. Rudi siku nyingine. Injini baridi ya 383 au 440 ikiwa kwenye hali nzuri inawaka baada ya kukanyaga mafuta mara mbili, inatoa moshi mwembamba wa mvuke kisha inanyamaza. Moshi wa buluu mara tu baada ya kuwaka, kisha unakatika, ni mipira ya valvu. Wa buluu unaoendelea ni ringi.

Ikishapata joto, soma shinikizo la oili. Kwenye mizunguko 2,000, 45 hadi 65 psi ni hali ya afya. Ikishuka chini ya 30 huku injini ikiwa ya moto, panga pesa za beringi. Kipimo cha dashibodi usikiamini. Funga cha mkono.

Mgandamizo unapimwa hivi. Toa plagi zote nane, tenga waya wa koili, fungua kabureta mpaka mwisho, zungusha stata mpaka sindano ipande mara tano au sita. Andika kila silinda. Namba yenyewe hutofautiana kulingana na pistoni na kemshafti iliyowekwa, kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda: ya chini isipungue zaidi ya asilimia 15 hadi 20 ya ya juu. Silinda dhaifu itie kijiko kimoja cha oili, pima tena. Ikipanda, ni ringi; isipopanda, ni valvu. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya kichwa imepasuka katikati yao.

Vichwa vya 1968 hadi 1970 vina namba ya kutupwa inayoishia 906, na vilitumika kwa 383 ya Road Runner na 440 ya GTX sawasawa, vikiwa na valvu za inchi 2.08 na 1.74. Viti vyake vya valvu vya eksozi havikufanywa vigumu kwa ajili ya petroli isiyo na risasi. Kwa matembezi ya wikiendi vitadumu miaka. Kwa safari ndefu za kasi, viti huliwa na valvu huzama. Vichwa vikishushwa, agiza viti vigumu vya eksozi wakati huo huo. Na kama muuzaji anasema injini imejengwa upya, uliza oili gani ilitumika na kemshafti ilizoeshwa vipi. Tapeti bapa za injini hizi zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha, na kemshafti mpya inatakiwa kukimbizwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 mara tu inapowaka kwa mara ya kwanza, bila kuachwa kwenye mizunguko ya chini. Asiyejua jibu huenda ana kemshafti inayolika polepole. Oili ni kwati 5 pamoja na filta, yaani lita 4.7.

Angalia radiata pia. Ya upana wa inchi 22 inaitosha 383. 440 na Hemi zinapendelea ya inchi 26. GTX lenye radiata nyembamba litapanda joto kwenye foleni, na wengi hulaumu termostati kwa miaka.

Hatua ya nne: gia na difu

TorqueFlite 727 ni gia boksi ngumu, inayouawa na jambo dogo: fimbo inayounganisha kabureta na gia boksi. Fimbo hii inaiambia gia boksi dereva amekanyaga kiasi gani. Mtu akibadilisha kabureta au manifodi asiifunge sawa, shinikizo la ndani linabaki chini, klachi ya mbele inateleza na kuungua. Kwa hiyo funua na uitazame: ipo? Inasogea pamoja na kabureta tangu mwanzo hadi mwisho? Kipimo cha mafuta ya gia husomwa injini ikiwa ya moto, inawaka, gia ikiwa kwenye N, si P, kwa sababu ikiwa P gia boksi hii haijazi konveta (kiungo cha mafuta kati yake na injini). Futa kijiti kwa kitambaa cheupe. Nyekundu ni sawa, kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi.

Gia nne za A833 ziko za aina mbili. Za 383 zina shafti ya kuingilia yenye meno 23. Za 440 na Hemi zina meno 18, nene na imara zaidi. Haionekani bila kushusha, lakini ikiwa muuzaji ana picha za ukarabati, hesabu. GTX la gia nne lenye meno 23 halina gia boksi yake.

Difu inasomeka kwa macho. Ya inchi 8¾ haina mfuniko nyuma. Mtambo wake unatolewa kwa mbele. Dana 60 ina mfuniko wa nyuma wenye bolti 10. Kwa kawaida 440 na Hemi za gia nne zilipewa Dana 60 yenye uwiano wa 3.54, 440 ya TorqueFlite na 383 zilipewa 8¾, mara nyingi 3.23. Kuthibitisha uwiano, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gia kwenye N, zungusha gurudumu. Kama jingine linazunguka upande ule ule, ni Sure Grip, yaani difu inayofunga magurudumu yote mawili pamoja: zungusha mzunguko mmoja kamili na uhesabu shafti ya katikati, mizunguko mitatu na robo ni 3.23, mitatu na nusu ni 3.54, minne na kidogo ni 4.10. Kama linazunguka kinyume, shusha gurudumu moja chini, zungusha lililo juu mara mbili, utapata jibu lile lile.

Uwiano huu unaamua maisha yako na gari kuliko tofauti ya farasi 40. Kwa tairi za ukubwa wa kawaida, kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 2,500 hivi kwa 3.23, inakaribia 2,750 kwa 3.54, na inakaribia 3,200 kwa 4.10. Gari la A12, ambalo lilikuja na Dana 60 ya 4.10, ni raha kwa nusu kilomita na kelele kwa safari ya saa tatu.

Hatua ya tano: miguu, breki na umeme

Kabla hujagusa nati za magurudumu ya upande wa dereva, soma ncha ya bolti. Hadi 1970 Chrysler, kampuni mama ya Plymouth, iliweka nyuzi za kushoto upande wa kushoto, zimeandikwa L. Zinafunguka kwa kuzungusha upande ambao umezoea kufungia. Bolti nyingi zimekatwa na watu wenye nguvu na haraka. Kaza kwa futi-pauni 65.

Breki za kawaida ni ngoma za inchi 11 mbele na nyuma. Simamisha gari kwa nguvu mara tatu mfululizo kutoka kilomita 80. Ya tatu itakuwa ndefu, na hilo ni umbile lake, si ugonjwa. Kuvuta upande mmoja ndiko ugonjwa: silinda ya gurudumu inavuja au ngoma haiko duara. Kama unakusudia kuliendesha kila wiki, diski za mbele ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kabureta mpya. Tosheni baa zina kushoto na kulia, zimepigwa herufi kwenye ncha. Zikibadilishana pande zinaweza kukatika. Springi za nyuma kwenye magari ya 440 na Hemi hazilingani idadi ya majani kushoto na kulia. Kiwanda kilikusudia hivyo kuzuia ekseli kujisokota, basi usiihesabu kuwa kasoro wala usikubali kuuziwa "springi zilizolingana".

Umeme ndio unaochoma magari haya. Amita ya dashibodi inapitisha mkondo wote wa kuchaji betri: unatoka kwenye injini, unapita kwenye soketi ya ukuta, unaingia kwenye amita, unarudi nje kupitia soketi ile ile hadi kwenye betri. Baada ya miaka hamsini na zaidi pini za soketi hiyo zimeota kutu, zinapata joto, plastiki inayeyuka. Chomoa soketi upande wa injini, tazama pini mbili nene. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuvimba ni onyo. Dawa yake: waya mnene kutoka alteneta moja kwa moja hadi upande wa betri wa relei ya stata, ukiwa na waya wa fyuzi katikati, kisha ndani unganisha nyaya mbili za amita pamoja na ufunge kipimo cha volti. Fanya hivi siku ya kwanza, kabla ya taa kali au redio mpya.

Weka rezista ya balasti ya akiba kwenye kijisanduku cha dashibodi. Inapokufa, injini huwaka unapozungusha stata na kuzima mara unapoachia ufunguo. Ukiijua dalili hiyo, utapoteza dakika tano badala ya siku nzima.

Hatua ya sita: kuchagua

Chukua karatasi yako ya vipimo. Gari ambalo namba zake tatu za bodi hazikubaliani, liache, hata kama ni GTX la rangi uliyoiota. Gari lenye mhimili wa tosheni baa uliooza, punguza bei kwa gharama ya bodi nzima, si ya kiraka.

Yakibaki mawili safi, mimi ningeanza na Road Runner la 383 lenye umbo la 21, gia nne na difu ya 3.23. Nguzo ya katikati inaifanya bodi kuwa ngumu zaidi, vipuri vya 383 ni rahisi, na ukitaka nguvu zaidi baadaye, 440 inakaa palepale kwa maungio yale yale. Anayetaka utulivu wa ndani, mvuto wa chini na gia za kujibadilisha atafute GTX la 1968 au 1969 lenye L, TorqueFlite na radiata ya inchi 26. Hemi iachie mtu anayenunua karatasi pamoja na gari, na aende na mtaalamu wa kusoma namba kabla ya kutoa amana.

Ukishakubaliana bei, andika kwenye hati ya mauzo namba ya gari, namba ya bloku na namba ya gia boksi, kila moja kama ilivyosomeka kwenye chuma, na upige picha zake muuzaji akiwa amesimama hapo.